Ukurasa wa Toakase

Muitahi, Ha'apai
Jumapili, baada ya ibada ya asubuhi

Kwako dada yangu Pisila,

Pokea salamu zetu sote wa huku nyumbani. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji Filimone na wapwa zangu watatu. Je, mgongo wa shemeji umepata nafuu tangu aache kupakia mizigo? Na wewe, baridi ya Auckland haijakurudia kifuani kama mwaka jana? Mama hajambo kidogo. Anakula akilazimishwa, na anasuka mikeka hata siku ambazo wenzake wamepumzika. Mimi nipo. Upande wa afya sina cha kulalamikia.

Najua utashtuka kuuona mwandiko wangu. Miaka yote kumi na minne uliyokaa huko, salamu zangu umezipata kupitia kwa mama, na ndivyo inavyotakiwa. Kaka hakai akamwandikia dada yake mkubwa kurasa nne. Lakini ninalotaka kukuambia siwezi kulitamka kwenye simu huku nasikia pumzi zako. Nakuomba uisome ukiwa peke yako. Shemeji asikae karibu, na mwanao Tevita asikusomee hata kama macho yako yamechoka. Humu mna maneno ambayo mtoto wa kiume hapaswi kuyasikia mbele ya mama yake, wala mimi sikupaswa kuyaandika kwa dada yangu.

Kwanza habari za kisiwa. Tumebaki watu themanini na sita. Ulipoondoka tulipita mia mbili. Shule imefungwa tangu Januari, kwa sababu nilikuwa nimebaki na wanafunzi saba, na watatu kati yao walikuwa wa nyumba moja. Wazazi wa hao watatu walipohamia mjini Nuku'alofa, barua ya kufunga ikaja. Vijana wa kiume karibu wote wako huko New Zealand wanachuma matufaha, wakirudi wanakaa wiki sita, wananunua mashine ya kufulia, wanaondoka tena. Kwaya yetu sasa ina sauti nyembamba tupu. Mzee Moala ndiye besi peke yake, na Jumapili akipatwa na kikohozi hatuna besi.

Ndiyo maana walipokuja watu wa utafiti nilifurahi, kwa kuwa nilikuwa mwalimu bila darasa. Walitaka kujua tunapungua kwa nini, wanawake wanazaa wangapi na wanapenda kuzaa wangapi, afya zao za uzazi zikoje, na vijana wanajiona wapi baada ya miaka kumi. Nikafanywa msimamizi. Nilipolitangaza kwenye kikao cha wanaume cha kunywa kava, Mzee Moala alinyanyua kifuu chake akasema, “Wanauliza kwa nini hatuzai? Si waturudishie vijana kwanza! Kazi yenyewe hatujaisahau.” Watu wakacheka mpaka kava ikamwagika. Akaniambia, “Mwalimu, na mimi nihoji.” Nikamjibu kwamba mwisho ni miaka arobaini na tisa. “Basi andika nimepungua,” akasema.

Mhoji wa wanawake alikuwa Luseane, binti wa Nuku'alofa, miaka ishirini na minne. Namtaja kwa sababu jina lake unalijua, umelitia kwenye malalamiko yako. Nakuomba usilichukie kabla hujamaliza kusoma. Alikuwa akiingia na mwanamke ndani, wanafunga mlango, anamuuliza maswali yote, anajaza dodoso kwa kalamu. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa hatari: una mimba, una maumivu, unatokwa na damu, ungependa muuguzi aje? Mwanamke akijibu ndiyo, msimamizi anatoa taarifa kwa redio siku hiyohiyo, na muuguzi anakuja na boti ya Alhamisi kutoka Pangai. Kazi yangu ilikuwa kusoma kila dodoso na kutia sahihi.

Wewe unaelewa ugumu wake bila kuelezwa. Kisiwa hiki nani si dada yangu? Binti wa baba mdogo ni dada, mjukuu wa shangazi ya babu naye ni dada. Unakumbuka zile picha za sinema pale ukumbini, mtu na mtu wakitaka kubusiana tu, wavulana wote wenye dada mle ndani wanatoka nje, na kwa kuwa wote tulikuwa na dada mle ndani, wanabaki wasichana peke yao wakicheka? Sasa mimi ndiye niliyekuwa nimeletewa matumbo ya dada zangu kwenye karatasi. Nilichofanya ni hiki: nikifika ukurasa ule, nafunika majibu kwa rula, naangalia pembeni tu kama visanduku vyote vimejazwa, natia sahihi. Luseane aliona. Aliniambia, “Mwalimu, ukifunika hivyo utasomaje?” Nikamwambia anayestahili kusoma ni yeye, akikuta ndiyo anijulishe namba ya nyumba tu, nami nitapiga redio. Tukafanya hivyo nyumba kumi na tisa, na muuguzi aliitwa mara mbili.

Yaliyofuata ndiyo uliyosimuliwa. Mdogo wetu Toakase alihojiwa Jumatatu. Jumanne ya wiki iliyofuata, akiwa na mama na wanawake wengine wakisuka ule mkeka mrefu wa arusi ya watu wa Lifuka, aliinama kana kwamba anaokota jani la mkadi, hakuinuka. Mimba ilikuwa imetunga nje ya kizazi na ikapasuka. Tulimpakia kwenye boti ya Samiu kumpeleka hospitali. Alifariki kabla hatujaona minara ya kanisa la Pangai. Miaka kumi na tisa. Mtoto uliyemwacha na miaka mitano akishikilia gauni lako gatini.

Wewe hukuweza kuja kwa sababu ya makaratasi yako, ukaangalia mazishi kwenye simu ya binamu. Labda uliniona nyuma kwenye moshi, nimenyolewa, nimejifunga mkeka mkubwa chakavu wa msiba ulionifika kifuani, natoa majimbi kwenye shimo la kupikia. Hapo ndipo mahali pa kaka, chini ya dada yake hata akiwa mdogo. Watu walisema Sateki anafanya kazi kama watu wanne. Walinisifu, dada.

Baada ya siku kumi ukaandika kwa ofisi ya utafiti ukiuliza nani alijua. Ulikuwa na haki. Wakatoa dodoso la nyumba yetu. Kwenye ukurasa wa mwisho wakakuta hapana, hapana, hapana, muuguzi hapana. Luseane akaapa kwamba alijaza ndiyo. Alisema Toakase alimweleza kila kitu, miezi miwili, maumivu upande mmoja, damu kidogo, na kwamba alimwomba muuguzi, na kwamba yeye alinipa namba ya nyumba siku hiyohiyo. Wakaniita. Nikasema sikupewa namba yoyote. Nikasema na ukurasa ule sikuusoma, ni wa dada yangu, niliufunika kwa rula kama desturi inavyonitaka. Mkuu wao, ambaye ana dada wanne, akatikisa kichwa akasema anaelewa. Luseane alinitazama usoni, akaniambia mbele yao, “Mwalimu, wewe?” Amesimamishwa kazi. Baba yake amekwisha kuja kwetu na mkeka na nguruwe, akakaa chini mlangoni, akaomba radhi kwa mama kwa kosa la binti yake. Mama akapokea. Mimi nilikuwa nimesimama hapohapo.

Pisila, niliinua rula.

Luseane alinipa namba ya nyumba Jumatatu jioni, na namba ilikuwa yetu. Jumanne mchana nilikuwa darasani kwangu, kwenye lile darasa tupu, na dodoso mezani. Kulikuwa na kanuni kwamba dodoso la ndugu wa msimamizi lipelekwe kwa msimamizi wa kisiwa jirani. Sikulipeleka, kwa sababu sikutaka mwanamume mwingine asome habari za dada yetu. Nikasoma mimi. Nilisoma yote. Nilisoma kwamba katika vijana kumi na mmoja waliohojiwa Muitahi, ni yeye peke yake aliyesema baada ya miaka kumi anajiona hapahapa, akifundisha watoto wadogo kama shule ikifunguliwa. Nikasoma na ukurasa wa mwisho, mwandiko wa Luseane, ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Sitakudanganya kwamba niliogopa kwa ajili yake. Nilikasirika. Nilifikiria redio yetu, ambayo kila nyumba yenye redio inaisikia, na mimi, kaka, nikitaja kwa mdomo wangu nyumba yetu na kumwita muuguzi wa wanawake. Mama ni mzee. Nyumbani mwetu mwanamke asiyekuwa mama ni mmoja tu, kila mtu angejua. Nilifikiria kikao cha kava kikinyamaza ninapoingia. Nikachukua dodoso tupu kati ya yale ya akiba, nikanakili majibu yote ya mbele, nikaiga mwandiko wa Luseane, mwalimu hashindwi na mwandiko wa mtu. Nilipofika mwisho nikaweka hapana. Nikajiambia ni heshima. Nilijiambia tumbo la msichana huuma na kupoa, na kwamba mwezi ujao nitamtuma shangazi azungumze naye kimya kimya. Nikatia sahihi. Jumatano nikapanda boti na kuzipeleka karatasi Pangai.

Jedwali la utafiti limekwisha kutoka. Muitahi ina sifuri kwenye safu ya wasichana wanaohitaji huduma. Wanataka kupunguza safari za muuguzi kwetu, zitoke kila mwezi ziwe mara mbili kwa mwaka, kwa sababu takwimu zinasema hatuhitaji.

Kesho naenda ofisini na ukurasa wa kweli. Sikuuchoma. Nitaukabidhi mwenyewe, na nitasema mbele ya Luseane yale niliyokuandikia hapa, kisha nitakwenda kwa baba yake na kukaa chini mlangoni pake. Mama nimemwambia leo alfajiri kabla ya kanisa. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Nenda kaoge, kengele itagonga.” Tangu hapo hajanitazama.

Lakini liko jambo moja ambalo mama halijui, Luseane halijui, na wewe ulilikaribia. Ulimuuliza mama kwenye simu mzigo gani ambao Toakase alikuwa akiusubiri gatini Alhamisi ile, maana wewe hukutuma mzigo. Mama alidhani umesahau. Dada, hapakuwa na mzigo. Luseane alikuwa amemwambia muuguzi atakuja na boti ya Alhamisi. Alivaa gauni lake la kanisani, akakaa kwenye gunia la mbata tangu asubuhi, akamwambia kila aliyepita kwamba anangoja kitu kutoka kwako.

Boti ilifika saa tisa, na mimi nilikuwa ndani yake, narudi kutoka Pangai. Tulishuka watu wawili tu, mimi na Samiu mwenye boti. Toakase alisimama. Alinisalimu kwa heshima, akanitolea njia nipite, halafu akachungulia nyuma yangu, ndani ya boti, akaangalia mpaka Samiu alipofunika injini kwa turubai. Nilijua anamtafuta nani. Redio ilikuwa hatua hamsini kutoka pale, na ilikuwa imebaki siku tano. Nikaenda kunywa kava.

Sina la kukuomba. Wasalimie wapwa zangu na umwambie shemeji autunze mgongo. Ukija kwa ajili ya kaburi, mama atakupokea gatini. Mimi sitakuwepo mpaka utakaponiita, na usiponiita nitaelewa.

Ni mimi mdogo wako,
Sateki