Bibi Yake Zuhura na Somo la Huduma ya Kwanza

Fukayosi, Alhamisi usiku

Bado namsikia yule bibi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, kisha akaniuliza mbele ya darasa la nne zima: "Mwalimu, mwezi huu mnawafundisha watoto kutusukuma?"

Mwezi huu tunafundisha huduma ya kwanza. Nilikuwa nimewaambia kwamba aliyeungua humwagiwa maji safi ya baridi, wala hapakwi dawa ya meno. Jana uji wa moto ukammwagikia mdogo wake Zuhura mkononi. Bibi akaja na dawa ya meno. Zuhura akamsukuma, akambeba mtoto, akammwagia maji mpaka kilio kikapungua. Halafu akachapwa kwa utovu wa adabu.

"Mtoto anaendeleaje, bibi?" nikauliza.

"Hajambo." Sauti ikamshuka kidogo. "Lakini huyu mkubwa amenivunjia heshima nyumbani kwangu. Mimi nimelea watoto, nikalea na wajukuu!"

Nikamwomba radhi. Sikusema kwamba Zuhura alifanya sawasawa, na mwenyewe alikuwa ameketi dawati la mbele, ananitazama, anasubiri niseme. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Niliogopa nini hasa? Bibi wa watu, mwenye mvi zake tu.

Zuhura hakunyoosha kidole kipindi kizima. Wakati wa kutoka akanifuata mlangoni.

"Mwalimu, kesho ni somo la kuumwa na nyoka?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Naomba mimi nisifundishwe."