Palizi Iliyongoja Maua

Kwako dada yangu mpendwa,

Natumaini waraka huu utakukuta mzima, na kwamba kifua cha Mama kimetulia tangu baridi ilipopungua. Mimi mwili hauna neno. Habari za moyo utazipata mbele.

Barua yako niliisomea kazini, kwenye kituo cha kilimo, nyuma ya mizani ya mbegu. Umeniomba jambo moja: kwa kuwa ndimi niliyesomea kilimo, nimwandikie Baba maelezo ya kitaalamu kwa nini shamba la bondeni limetoa magunia manne ya soya, ilhali la jirani, lenye ukubwa uleule na mbegu ileile, limetoa kumi na moja. Umesema Jumamosi, mbele ya wajomba, Baba atamnyang'anya mumeo shamba hilo kwa kosa la uvivu, na kwamba shemeji ameshapanga mwiko na timazi yake sandukuni arudi kwenye ujenzi wa mbali, akuache na watoto.

Nianze na utaalamu, maana hapo sijikwai. Soya ni mpole utotoni. Wiki mbili za kwanza baada ya kuota huvumiliana na magugu, kwa kuwa cha ardhini bado kinawatosha wote. Kuanzia ya tatu hadi inapokaribia kuchanua, ugomvi huwa wa kweli: gugu la sangari hunyonya maji chini, la kishona nguo hunyang'anya mwanga juu, na soya hurefuka kama mlingoti badala ya kutoa matawi. Matawi yasipokuwapo, maganda yatakaa wapi? Mkulima akipalilia wiki ya tatu, akarudia ya tano, majani ya soya hukutana katikati ya mistari na kivuli chake humaliza kazi iliyobaki. Akingoja maua, hata akilisafisha shamba likang'aa kama sinia, amechelewa. Tena jembe lake hukata mizizi na kupukutisha maua yaleyale anayoyatafuta. Wapo watakaobisha kwamba mvua ndiyo ya kulaumiwa. Nawauliza: ilipofika mpakani kwetu iligeuza njia?

Kwa hiyo mumeo si mvivu. Alipalilia shamba zima kwa mikono yake mpaka viganja vikachubuka. Ila alipalilia wiki ya saba.

Huenda umejiuliza, dada, kwa nini mtu anayepima ukuta mara tatu kabla ya kupanga tofali alichelewa kiasi hicho. Itabidi nirudi nyuma kidogo.

Siku niliyorudi na shahada nilitarajia Baba anikabidhi shamba la bondeni. Mifereji yake nilikuwa nimeshaichora daftarini. Nikakuta amempa fundi mwashi aliyekuoa wewe. Nilipohoji, Baba alisema kwamba huyu ni mwanawe wa jembe na mimi ni mwanawe wa vyeti, na vyeti havioti hata vikimwagiliwa. Mlicheka nyote. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi. Nami nilicheka, dada, kicheko cha meno. Tangu hapo, kila nilipokuja likizo nilikuta kiti cha pembeni mwa Baba kimekaliwa. Siku moja nilihesabu: alimwita shemeji "mwanangu" mara tano. Mimi aliniita "Bwana Shamba" mara moja, akitaka nimpishe mlangoni.

Soya ilipotimiza wiki mbili na siku kidogo, shemeji alinipigia simu. Alinisalimu kwa heshima, akatania kwamba leo mwashi amekuja kuomba ramani kwa injinia, kisha akauliza apalilie lini. Jirani alikuwa amemwambia aanze mara moja, lakini yeye alitaka kusikia kutoka kwa msomi wa nyumba. Msomi wa nyumba! Neno nililolingoja kwa Baba miaka miwili lilinijia kutoka kinywa nisichokitaka. Nilimwambia aachane na maneno ya majirani. Soya ni jasiri, itayafunika magugu yenyewe. Angoje ichanue, apalilie mara moja, aokoe nguvu.

Sikukosea, dada. Utafiti wangu wa mwaka wa mwisho ulihusu jambo hilihili, kurasa themanini zenye jalada gumu. Nilijua. Nilitaka Baba amwone akishindwa mara moja tu. Nilidhani yatapungua magunia mawili matatu, kisha nije mimi niliokoe shamba. Sikuwaza kwamba mtu atafungasha sanduku.

Na kinachonitafuna zaidi ni hiki. Baba alipomwita mvivu mbele ya wavunaji, nami nimesimama pale mikono mfukoni, nilingoja shemeji anitaje. Hakunitaja. Baadaye, nyuma ya ghala, nilimuuliza kwa nini. Alijibu kwamba hata wasomi hukosea, na kwamba haoni faida ya kumgombanisha mzee na mwanawe. Badala ya kuona haya, nilimwonea wivu upya: hata katika kushindwa amenishinda.

Nimejaribu mara tatu kumwandikia Baba maelezo uliyoyaomba. Mara zote yalitoka sahihi kila neno, na uongo mtupu kwa jumla. Ndiyo maana nakuandikia wewe. Msomee Baba barua hii kabla ya Jumamosi, usiruke habari ya ule wivu. Lakini kwanza msomee mumeo, kabla hajalifunga hilo sanduku. Akikataa kunisamehe sitabisha, na wewe wanijua: mimi hubisha hata nikiambiwa kumekucha.

Nisalimie Mama, na wapwa zangu uwakumbatie mmoja mmoja. Shemeji usimpe salamu zangu. Ijumaa nitapanda basi la asubuhi nimpe mwenyewe, na Jumamosi, wajomba wakishaketi, nitasimama upande wake, endapo ataniachia nafasi ya kusimama.

Wako katika damu na katika aibu,
Mdogo wako