Itoka Juu ya Kaburi

Yamumbi, Jumanne jioni

Kigingi cha barabara kimesimama juu ya kaburi la mke wangu. Barabara hiyo kuu ya kulipia itashuka kutoka Timboroa ikifuata mipaka ya mashamba. Wapimaji waliona maua ya itoka, ambayo sisi watu wa Nyeri hupanda mpakani, wakadhani ni mpaka, wakakipigilia hapo.

"Mzee, nani alikutuma upande mpaka juu ya mama?" chifu alinicheka. "Haya, wanarudi kesho kupima upya; wayakute maua mpakani."

Nilimpandia kwa sababu ndiyo maua pekee aliyotoka nayo kwao. Sikuwa na kingine cha...

Nimeyahamishia kwenye mpaka wa kweli. Kaburi limebaki udongo mtupu, kama siku tuliyomzika. Nikifa kabla ya kupanda mengine, nani atajua amelala wapi?