Ukuta Ulitosha, Baba

Baba yangu,

Siku uliyozikwa sikukutazama. Watu wote wanaamini nilikutazama, na mpaka leo sijamwambia yeyote. Wanaume walikuwa wameshakukafini, umebaki uso tu wazi, Shangazi Zuhura akanishika mkono akaniingiza chumbani. "Muage baba yako, mwanangu, usije ukajuta." Niliinama. Nilisikia harufu ya kafuri na udi. Lakini macho niliyafumba mpaka yakauma, na nikatoka vilevile. Baadaye nikamsikia akiwaambia wanawake wenzake, "Mtoto ana subira huyu. Kamuaga baba yake hata chozi hakutoa."

Haikuwa subira. Ilikuwa ile fizikia yako.

Unakumbuka mchana ule wa likizo uliporudi na kitochi cha leza kutoka maabara ya skuli, ulikokuwa fundi wa vifaa? Ulifunga madirisha yote, mpaka Shangazi akauliza kutoka jikoni kama mna maiti humo ndani.

"Mama," uliniambia, kwa kuwa nimechukua jina la mama yako, "nipe unywele mmoja."

"Wa nini, baba?"

"Nipe tu. Kichwa chote hicho, utafilisika?"

Uliubandika kwa utepe mbele ya kitochi, ukamulika ukuta wa chokaa. Nilitegemea kuona kivuli cha unywele. Badala yake vikajipanga vipande vyekundu na vyeusi, kimoja baada ya kimoja, kama ukingo wa mkeka. Ukasema mwanga umepita kulia na kushoto kwa pamoja, na ungefanya hivyo hata ukitumwa chembe moja moja. Lakini ukiweka kifaa cha kugundua kila chembe imepita upande gani, vipande vinapotea.

"Kwani zinajua kama zinatazamwa?"

"Kama wewe. Wakija wageni hukumbuki hata jina lako."

Nilicheka, lakini neno hilo lilinikaa kichwani. Mimi najua kutazamwa kunavyombadilisha mtu. Darasani jibu nilikuwa nalo, mwalimu akinigeukia tu, linaondoka. Nikakuuliza kama ni fahamu za mtu ndizo zinazoamua.

"Wako wataalamu wakubwa waliodhani hivyo," ulisema. "Wengi siku hizi wanasema hapana. Si roho wala akili, ni kuguswa tu. Kifaa kinatosha. Vumbi linatosha. Ukuta huu unatosha."

"Na kabla mtu hajakisoma hicho kifaa, kinakuwa kimeonesha nini?"

Ulivua miwani ukaifuta kwa shati, na haikuwa na uchafu. "Hapo bado wanabishana. Wewe maliza mitihani yako, suali hilo tutalimaliza na sisi."

Mitihani niliimaliza Jumatatu. Jumatano, wodini ulikolazwa, ulilalamika kwamba uji hauna sukari. Nikaja nyumbani kukuchukulia. Niliporudi, kitanda chako kilikuwa kimeshatandikwa shuka nyengine.

Ndiyo maana nilifumba macho. Nilijiambia kwamba sikukuona ukifa, na kama sitakuona umekufa, basi kwangu mimi jambo bado halijaamuliwa. Makaburini sisi wanawake hatwendi, kwa hivyo huko hapakuwa na cha kukwepa. Jeneza lilipotoka mlangoni, mimi nilibaki na suali letu liko wazi. Miezi minne nimeishi nalo. Viatu vyako sikukubali viondolewe barazani, na Shangazi akadhani ni huzuni tu.

Wiki iliyopita nilikuta unywele wako mweupe ndani ya kofia, umenasa kwenye mshono. Nikaubandika mbele ya kitochi kama ulivyonionesha. Vipande vikatokea ukutani. Nikaegesha simu irekodi, nikafunga mlango, nikenda jikoni kuchagua mchele. Nilitaka ukuta ubaki peke yake, usiwe na mtu wa kuutazama.

Niliporudi palikuwa na nukta moja tu nyekundu. Nikaitazama rekodi. Vipande vilikuwepo ingawa mimi sikuwepo, vimetulia, havina haja na mtu. Kisha utepe ukaachia, unywele ukaanguka, vikapotea.

Nilijaribu kubishana. Nikasema pengine hata simu haikuwa na kitu mpaka nilipoitazama. Lakini unywele niliuokota sakafuni kwa vidole vyangu. Ulianguka mimi nachagua mchele, haukunisubiri. Na wewe ulikwenda mimi namimina sukari kwenye karatasi. Kitanda kile kilitosha, baba. Hewa ya wodini ilitosha.

Sasa sina tena pa kukuweka. Kufumba macho hakukukubakisha, kumeninyima uso wako tu. Nikijaribu kuukumbuka unanijia ule uliokunjamana kwa ajili ya uji, na huo nao umeanza kufifia. Naambiwa muda utaponya. Sijui utaponya nini, maana nafasi ile ilikuwa moja na niliipoteza makusudi. Viatu nimevitoa barazani jana. Hakuna aliyeniuliza.

Barua hii naiacha wazi kwa kuwa wewe uliyeandikiwa huwezi kuifungua. Na wewe mwengine unayeisoma, ukikutana na Shangazi Zuhura pale sokoni Darajani, akakuhadithia nilivyomuaga baba yangu kwa subira, itikia tu. Hilo ndilo linalomliwaza. Usimwambie kwamba nilifumba macho.

Mwanao,
uliyekuwa ukimwita Mama