Ijumaa za Pikapu ya Ami Mithqal

Kuweti, 20 Februari 1981

Kwa binti yangu Ruwayda,

Amani ya Mungu iwe juu yako, juu ya mama yako na mdogo wako Taghrid. Mimi mzima, ila mafua ya vumbi yamenikalia. Natumai nanyi wazima, na magoti ya mama yako yametulia sasa baridi inapoondoka.

Mama yako ananilalamikia kwamba hutoki. Shule, nyumbani, kitabu. Kitabu, nyumbani, shule. Anasema juzi walikuja wageni ukajificha chumbani mpaka wakaondoka, na njaa yako tumboni. Mwanangu, hata kobe hutoa kichwa.

Nimezungumza na ami yako Mithqal. Kila Ijumaa baada ya sala atawachukua kwa pikapu yake, ninyi watatu pamoja na mkewe Fawziya, mkatembee. Si mbali. Hapo hapo kandokando ya kwetu: mabonde, chemchemi, misitu. Umezaliwa As-Salt na hujui maji ya Hazzir yanatokea wapi! Mimi huku nina mchanga mpaka macho yanapoishia. Nenda ukanionee, kisha uniandikie. Ukoo mzima hakuna mwenye mkono wa kuandika kama wako.

Masomo usiyaache. Mtihani ni Juni, na ahadi yangu ya chuo cha Irbid iko pale pale.

Baba yako

*

As-Salt, 22 Machi 1981

Baba mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima na hamu. Sote wazima. Magoti ya Mama bado yanagoma kwenye ngazi, lakini siku ya Ijumaa hayagomi. Mafua yako je? Tafadhali ujifunge kitambaa puani unapokuwa kazini.

Ijumaa ya kwanza nilikwenda nimenuna, kitabu kwapani. Ami Mithqal akatuambia, "Shikilieni vizuri! Hii pikapu haina breki, ina dua tu." Tukateremka Bonde la Shuayb. Baba, sikujua! Miaka yote hii nimeishi juu ya bonde lile kama mtu anayelala juu ya hazina. Maji yanapita chini ya mitini na mikomamanga, na kando yake kuna mapango ambamo wachungaji huwasha moto. Mama alivua viatu akachuma khubeza, ile mboga ya mwituni, mpaka upindo wa gauni ukajaa, tukaipika pale pale kwa vitunguu na mafuta ya zeituni.

Baadaye tukaenda Hazzir, na Ijumaa hii vilima vya Jal'ad, ambako milozi imeshabeba. Tulikula lozi mbichi kwa chumvi mpaka meno yakapata ganzi. Nauliza jina la kila mmea. Ami ananicheka: "Huyu msomi akiona jiwe, analiuliza ukoo wake."

Na kuna jambo la ajabu. Kila tunakokwenda tunawakuta watu wa nyumbani kwa Baba Sanad, yule mkuu wako wa kazi: mkewe, binti zake, na Sanad mwenyewe, anayeuza vipuri vya magari hapa mjini. Wanatandika busati lao karibu na letu. Nilimwambia Mama, "Kumbe nao wanapenda matembezi kama sisi." Mama akaendelea kupuliza moto. Mama Sanad ni mkarimu. Hunipa kipande cha kuku, kisha hunitazama ninavyokula. Nami, kama unavyonijua, mtu akinitazama chakula hakishuki.

Asante kwa Ijumaa hizi, Baba. Nahisi umenipa nchi nzima.

Binti yako,
Ruwayda

*

Kuweti, 8 Aprili 1981

Kwa binti yangu Ruwayda,

Salamu nyingi kwenu nyote. Mafua yamepungua, kitambaa nimekifunga. Taghrid anaendeleaje na hesabu?

Barua yako nimewasomea wenzangu chumbani. Mzee mmoja wa Karak alitokwa na machozi nilipofika penye khubeza. Akasema ni vitunguu, na vitunguu hatukuwa navyo.

Kuhusu Mama Sanad, uwe mchangamfu kwake. Usikae nyuma ya kitabu. Akitaka chai, mmiminie wewe, usimwachie Taghrid. Vaa lile gauni la buluu nililoleta kiangazi kilichopita. Baba Sanad ndiye aliyenifungulia mlango wa kazi huku, na kijana wao nasikia ni mtulivu. Hujaniandikia mama yake husema nini nawe. Niandikie hilo. Milozi haikimbii.

Baba yako

*

As-Salt, 25 Aprili 1981

Baba,

Salamu na heshima. Mama mzima, Taghrid mzima. Mimi sijui kama ni mzima.

Jana tulikwenda msitu wa Zai. Nilivaa gauni la buluu. Safari hii busati lilikuwa moja, wao na sisi, wanaume upande wao na wanawake upande wetu. Mama Sanad akaniambia nimimine chai, nikamimina. Akaniambia nikachote maji, nikaenda, na niliporudi nikaona wote wameacha mazungumzo wananitazama ninavyotembea. Kisha akanisogeza kitambaa kichwani. "Joto hili, mwanangu, jipunguzie." Akaushika msuko wangu kama mtu anayepima kamba sokoni.

"Nywele zake mwenyewe, wallahi," akasema.

"Na meno yote yamo!" akajibu Bi Fawziya. Wakacheka.

Mama Sanad akanishika kidevu. "Ruwayda, utakubali kuwa binti yangu? Nikuchukue kwangu, uwe wa Sanad wetu?"

Baba, unanijua. Ulimi ulinata, masikio yakavuma, macho yakabaki kwenye bilauri. Nilikuwa natafuta neno la adabu la kukataa, na katika vitabu vyote nilivyosoma sikulipata hata moja.

"Amenyamaza!" akasema Bi Fawziya. "Mwali kunyamaza ndiyo kukubali kwake!" Vigelegele vikapanda mpaka kwenye matawi. Ami akapaza sauti kutoka upande wa wanaume, "Heri! Heri! Msomi kajibu bila kufungua kitabu!" Sanad alikuwa anafuta kioo cha gari lake. Mtu huyo hajawahi kuniambia hata habari za asubuhi.

Njiani nilimuuliza Mama kama alijua. Akasema, "Kwani wewe ulidhani tunakwenda kuchuma maua?" Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Muulize baba yako."

Basi nakuuliza. Ulinituma nikaone, au nikaonwe?

Sikukubali. Nilishikwa na haya, na kuona haya si kusema ndiyo. Mama Sanad amesema waziwazi kwamba kwake hakuna mke atakayekwenda kulala Irbid kwa ajili ya vitabu. Nakuomba jambo moja tu: mwandikie Ami kabla hawajaja kuposa. Wewe ukisema, watasikia. Mimi sauti yangu iko kwenye karatasi tu.

Binti yako,
Ruwayda

*

Kuweti, 9 Mei 1981

Kwa binti yangu Ruwayda,

Amani iwe juu yako. Mimi mzima. Nimechelewa kwa sababu niliandika nikachana, nikaandika tena.

Ndiyo, nilijua. Baba Sanad aliniambia tangu Januari, tunakula sinia moja: "Una binti, nina kijana." Ningemjibu nini, na mkono wangu umo katika wali wake? Nikasema wanawake waonane kwanza bila kishindo, huko mashambani, ili jambo lisipofaa asiaibike mtu. Ndivyo watu wetu wafanyavyo. Bibi yako alimwona mama yako kwenye mavuno ya zeituni, na mama yako hakufa.

Nilitaka pia uione nchi. Hilo si uongo.

Habari ya kunyamaza kwako ilifika huku kabla ya barua yako. Baba Sanad alinikumbatia mbele ya mafundi wote. Neno limekwisha toka, mwanangu, na maji yakimwagika hayazoleki. Wazee wa posa watakuja Alhamisi ya mwisho ya Mei, na kadhi watakuja naye. Ami yako atakaa mahali pangu. Mtihani, tutaona. Kusoma hakuishi, na Sanad hakatazi kitabu ndani ya nyumba. Tena ana gari zuri. Kila Ijumaa atakutembeza mpaka uchoke wewe.

Usiniangushe. Huku niliko, nikianguka hakuna wa kuniinua.

Baba yako

*

As-Salt, 30 Mei 1981

Baba,

Salamu. Ami ameapa hatakuandikia, na Mama hana nguvu, kwa hiyo nakuandikia mimi, usije ukayasikia haya kwa Baba Sanad peke yake.

Walikuja wengi, viatu vikajaa mpaka kwenye ngazi. Nilikuwa nyuma ya pazia. Mzee wao akaweka kikombe chini. "Kahawa yenu hatuinywi mpaka mtupe tulichojia." Ami akajibu, "Mmekwisha kupewa. Kunyweni kahawa yenu." Wakanywa. Nilisikia wanavyofyonza.

Kadhi akaja mlangoni kwa wanawake, mzee mpole, anakohoa. "Binti yangu Ruwayda, ami yako akuoze Sanad kwa niaba ya baba yako, kwa mahari waliyokubaliana. Umeridhia?"

Sikujibu. Haikuwa jeuri wala ujanja, Baba, sauti haikuwepo. Bi Fawziya alikwisha kuweka mkono mdomoni tayari kwa vigelegele. Kadhi akaanza kugeuka. "Mwali kunyamaza..."

"La," nikasema.

Ilitoka nyembamba, kama ya mwanambuzi. Kadhi akasimama. "Umesema nini, mwanangu?"

"Sikuridhia. Na siku ile kule Zai pia sikuridhia. Nilikuwa naona haya."

Mama alinishika mkono mpaka ukucha ukaingia. "Ana homa, sheikh!" akapiga kelele Bi Fawziya. "Tangu asubuhi hajatia kitu tumboni!"

"Homa haipangi maneno hivi, Bi Fawziya," kadhi akasema. "Siwezi kuandika." Akarudi kwa wanaume.

Maneno yao sikuyasikia. Nilisikia viatu vikivaliwa. Kondoo na wali walibaki kwenye masinia, mtindi ukaganda juu yake. Jirani waliokuja kusaidia kupika waliondoka bila kuonja.

Ami alisimama mlangoni mwa chumba changu. "Wamekwisha kunywa kahawa yetu! Unajua maana yake? Umemfanya baba yako mwongo, na mimi umenifanya shahidi wake. Zai ulipoulizwa ungesema ungesamehewa, ungeitwa mtoto. Leo wewe ni fedhuli." Nilitaka kumwambia kwamba kule Zai hakuna aliyesubiri jibu, lakini alikwisha kuondoka.

Naomba radhi kwa aibu iliyokupata. Kwa neno nililosema siombi radhi, maana nikiliombea nitakuwa nimelirudisha. Tafadhali uandike, hata kama ni kunigombeza tu.

Binti yako,
Ruwayda

*

As-Salt, 19 Juni 1981

Baba,

Natumai u mzima. Sina njia ya kujua. Barua yangu ya mwisho wa Mei haikujibiwa, wala ile iliyoifuata. Kijana wa jirani aliyekuja likizo kutoka Kuweti anasema kwa Baba Sanad hufanyi kazi tena, na kwamba umehama chumba kile. Ulikohamia hakujui. Naituma hii kwenye sanduku lile lile la posta, huenda ufunguo bado unao.

Leo ni Ijumaa. Ami amewachukua Mama na Taghrid. Mimi siitwi tena, na wasichana wa mtaani wamekatazwa kukaa nami, nisije nikawafundisha ulimi. Taghrid amekatazwa kunieleza walikokwenda. Lakini anaporudi natazama soksi zake. Ikiwa ni ile miiba midogo ya rangi ya majani makavu, ni Jal'ad. Ikiwa ni sindano za misonobari, ni Zai. Leo miguu yake ilikuwa na tope, na katika Juni hii kavu tope liko Bonde la Shuayb tu. Nikamwambia, "Maji bado yapo, eh?" Akakimbilia jikoni.

Mtihani unaanza kesho. Nikifaulu, chuo kinataka sahihi ya baba, au ya ami. Ami amesema mkono wake utakauka kwanza. Sijui nitafanyaje. Nafanya mtihani.

Mama hajanisemesha tangu siku ile. Jioni hii, waliporudi, aliitoa sare yangu ya shule kwenye kamba, akaipiga pasi taratibu, mpaka kola, akaitundika mlangoni mwangu. Nikamwambia, "Asante, Mama." Akaichomoa pasi, akazima taa ya ukumbini, akapita.

Binti yako bado,
Ruwayda