Uliniitikia kwa Sauti ya Mama

Bweni la Wanafunzi,
Ghorofa ya Tatu.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Mama mdogo,

Shikamoo. Umeamkaje huko, na lile goti linakusumbua bado? Babu anakula? Mimi mwili ni mzima. Zaidi ya hapo usiniulize, maana jibu unalo.

Ninaandika kwa sababu simu siiwezi. Nikisikia sauti yako nitaitika "Abee Mama" kabla sijajizuia. Barua hii ataileta mwenzangu wa darasani anayetangulia kurudi. Isome wewe kwanza, ukiwa umekaa, kabla Mjomba hajaitia mkononi.

Unajua sharti la chuo hiki. Tulipofika tulitia saini kwamba muhula mzima hatutasema lugha nyingine ila Kichina: darasani, bwenini, kwenye foleni ya chakula, hata ukijigonga kidole mlangoni. Simu zetu hukaa kabatini kwa msimamizi wa bweni. Tunapewa Jumamosi mchana, robo saa kila mmoja. Wiki nzima niliishi nikiisubiri robo saa hiyo ya kuwa mtu wa kwetu. Mliijua, na humo ndimo mlimopitia.

Mama alikuwa na mchezo wake, wewe uliuona. Kila Jumamosi aliniuliza neno la wiki, na Jumatatu alikuwa nalo kule dobi, anawaamrisha wenzake na pasi mkononi: keti, haraka, maji moto! Kichina chake kilikuwa kimekunjamana kuliko mashuka aliyopiga pasi, lakini mwenye duka alishaanza kumwita Balozi. Basi Jumamosi moja hakuuliza. Nikasema, "Mama, leo hutaki neno?" Ukanijibu kwamba mafua yamekubana, kichwa hakishiki kitu. Ukaniambia nile vizuri, nilale mapema.

Mama mdogo, nilikula. Nililala mapema. Na Mama alikuwa ameshazikwa.

Wiki iliyofuata nikaomba nikuone usoni, ukasema simu imepasuka kioo. Iliyofuata tena, ukacheka pale nilipotaja Balozi. Kicheko chenyewe kilikuwa chake kabisa, kile cha puani. Tangu utotoni watu walikuwa wanawachanganya mkiwa chumba cha pili, na mimi nilikuwa najisifu kwamba hamnidanganyi. Mwalimu wetu hapa anasema mbele ya darasa kuwa nina sikio. Kichina kina kupanda na kushuka. Neno ukilipandisha ni jambo hili, ukiliangusha ni jambo lingine, na mimi huyasikia yote. Sikio hilo halikumjua mama yake. Hilo nalo nawahesabia ninyi, si sikio langu, maana sikwenda vitani. Nilipiga simu nyumbani. Nani anakaa macho anapopiga simu kwao?

Aliyeniambia ni fundi cherehani wa pale kona, na hakukusudia. Jumamosi iliyopita nilikuta ameniachia ujumbe wa sauti. "Chiriku, pole sana mwanangu. Nilikutafuta msibani sikukuona, nikajua umebanwa na shule. Sasa hili gauni la marehemu mama yako, alilosema atakuja kukupokea nalo, liko tayari tangu wiki ile alipoanguka kazini. Nimkabidhi nani?"

Niliusikiliza hadi mwisho, kisha nikakaa chini palepale kwenye sakafu ya ofisi ya msimamizi. Nikapiga kelele kwa lugha yetu. Msimamizi akanyoosha kidole kwenye karatasi ya masharti iliyobandikwa ukutani, akaniambia niseme kwa Kichina. Mama mdogo, sikuwa na maneno. Tulikuwa tumefundishwa kuomba chai, kuuliza njia ya kituo, kueleza mvua. Nikabaki nimeachama kama mtoto wa darasa la kwanza. Mwanafunzi wa chumba changu ndiye aliyekuja, akamweleza kwa kifupi. Msimamizi akafunga mlango, akanisogezea kiti, akasema niseme nipendavyo. Yule mama msimamizi hanijui kwa lolote, lakini aliniacha nilie.

Nilipopiga nyumbani, Mjomba aliipokea yeye. Hakusema pole. "Tungekwambia ungefanya nini? Ungemfufua?" Kisha, "Ungerudi na nusu ya Kichina, nafasi ikapotea, halafu utulaumu sisi." Kwa adabu nilinyamaza. Leo nasema. Nafasi ni yangu, na aliyekufa ni mama yangu. Kama kuna kupoteza, ningechagua mwenyewe nipoteze nini. Mmeniamulia kama vile mnaamua nani alale kitanda kipi. Nami si mgeni wa kuletewa habari wengine wakishanawa mikono.

Na wewe ndiye unayeniuma zaidi, kwa sababu najua hukupenda. Najua Mjomba alikutuma, na sasa nikikumbuka nasikia ulivyokuwa ukivuta pumzi kabla ya kusema "mwanangu". Dada yako amekufa, na kila Jumamosi unamwazima uhai robo saa ili mimi nifurahi. Ulilia saa ngapi wewe? Nakuonea huruma, na hasira haijaisha. Usiniombe iishe haraka.

Nina ombi moja, na hili silibembelezi. Nimesikia Mjomba ameshapata mpangaji wa chumba cha Mama. Mwambie asubiri. Muhula unaisha mwisho wa mwezi, nami nitapanda ndege siku inayofuata. Chumba kisifunguliwe, nguo zake zisigawanywe, hata kile kikopo cha vifungo kisisogezwe. Mmezika bila mimi. Kupanga vitu vyake nitapanga mimi, na wewe ukiwa karibu. Mjomba akisema chumba kinakaa bure, mwambie ni mimi niliyesema, na atakaponiona mlangoni aniulize mwenyewe.

Nataka pia unieleze. Alianguka asubuhi au jioni? Nani alimshika? Alisema kitu? Usinipunguzie. Umeshanipunguzia vya kutosha. Uniambie kwa sauti yako wewe.

Mtihani nitaufanya, msije mkadhani nimeuacha ili mpate la kusema. Tunatakiwa kusimama na kuzungumza juu ya mtu wa nyumbani. Nitamsema Balozi, na pasi yake.

Nisalimie Babu, umwambie naja. Nisalimie dada wa dobi wote, na fundi cherehani umshukuru. Gauni alishike, nitalifuata mwenyewe. Mjomba naye msalimie, asije akasema sikumtaja. Mungu akupe usingizi, akuponye goti, na amweke Mama mahali pasipo joto la pasi.

Anayekupenda hata wiki hii,
Chiriku.

Mkikaa jioni mkamtaja Mama, nikumbukeni na mimi. Ni mmoja wa waliofiwa.