Sishuki Kwenye Ndege Hii

Alhamisi, masika ya 1954. Ukungu, baridi, na hasira zimenijaa hadi kooni.

Naandika nimekaa ndani ya ndege. Imeshatua zamani, wenzangu wote wameshuka. Mimi nipo.

Jana Shabani, mume wangu, karani wa serikali, alimwambia mama kule Mlingotini kwamba tunakwenda Dar kumjulia hali shangazi yake, kisha tunarudi. Maskini mama akatufungia visheti vya njiani. Akanishika tumbo, akaniambia nisichelewe, chumba changu ameshakipaka chokaa. Mimba hii ina miezi saba na ndiyo ya kwanza. Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa mke, nani asiyejua hilo?

Leo asubuhi, badala ya kwa shangazi, nikajikuta uwanja wa ndege! Ndipo bwana karani akafungua mdomo: amehamishiwa huku milimani, barabara imekatika kwa mvua, serikali inatupeleka kwa ndege. Kumbe alijua siku nyingi. Eti alinyamaza kwa kumwogopa mama. Mwanamume mzima, na ndevu zake! Nami nikapanda, maana niliona haya kugombana mbele za watu.

Haya hizo zimeniishia angani.

Ndege ilitupepeta kama mchele kwenye ungo. Chini ni milima, bonde, msitu, kisha milima tena, wala sikuona hata kijia cha kunirudisha kwetu. Shabani akatapika ndani ya kofia niliyomshonea kwa mkono wangu. Nikampangusa mdomo huku namtukana kimoyomoyo. Nampenda, lakini leo sitaki hata kumwona.

Huku nitazaa mikononi mwa nani? Nani atanikanda kwa maji ya moto, nani atanipikia uji wa pilipili manga?

Rubani, Mzungu wa watu, amekuja kunichungulia. "Mama, hushuki?" Nikamuuliza ndege inaelekea wapi sasa. Akasema inarudi Dar, tupu. Nikafunga mkanda.

Shabani kasimama mlangoni, masanduku yetu yako chini miguuni pake. "Mke wangu, shuka basi, watu wanatutazama."

Na watazame! Nimemwambia apande twende akamwombe mama radhi. Kama hataki, abaki na kazi yake, tutaonana mwanawe akishatimiza arobaini.

Injini imeanza kuunguruma, naye bado anafikiri. Mimi nimeshamaliza kufikiri.